Kisukuku cha Kwanza ni Kipi? Uhakiki wa Istilahi za Miamba na Mafuta katika Pwani ya Bagamoyo

Mnamo mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba gesi asilia imegunduliwa katika bonde la Ruvu, Mkoa wa Pwani. Kabla ya tangazo hilo mtu wa Bagamoyo alizoea kusikia habari za gesi kama habari za kusini: Songo Songo, ilikogunduliwa mwaka 1974, na Mnazi Bay, mwaka 1982. Sasa elimu ya miamba imemfikia mlangoni. Muhtasari wa tathmini ya athari kwa mazingira, barua kwa halmashauri, majibu ya maswali bungeni, yote hayo yanahitaji Kiswahili, na anayeitwa kukiandika mara nyingi ni mfasiri ambaye hajapata kuona kisima cha mafuta kikichimbwa. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, mzigo huo umeongezeka uzito. Neno lililotumiwa ovyo katika muhtasari laweza kesho kusomwa mbele ya hakimu.

Makala haya hayakusudii kuorodhesha istilahi zote za jiolojia. Yanakusudia kuhakiki chache zinazohusu kazi moja, nayo ni kutumia mabaki madogo mno ya viumbe vya kale ili kutambua ni tabaka lipi la mwamba katika kisima kimoja lililo la umri mmoja na tabaka lipi katika kisima kingine. Tumeichagua kazi hiyo kwa sababu ndiyo iliyo chini ya kila ramani ya watafuta mafuta, na kwa sababu tafsiri zake zilizopita mikononi mwetu zina kasoro ya namna moja: zimefanywa kwa kulitazama neno la kigeni, si kwa kuitazama kazi yenyewe. Baadhi ya kasoro hizo ni za kuudhi tu. Moja inageuza maana ya taarifa nzima kichwa chini miguu juu.

Basi yatupasa kuanza na kazi. Msomaji aliyepata kuzuru magofu ya Kaole ameyaona matumbawe yaliyojengewa msikiti na makaburi. Miamba ya matumbawe iliyo karibu na ufuko, toka Kunduchi hadi Bagamoyo, ni michanga katika hesabu ya jiolojia. Ukitoka pwani ukashika njia ya magharibi, ardhi inazidi kuwa na umri. Upande wa Talawanda yapo mawe ya chokaa ya Jurasiki, zama zilizokwisha miaka milioni 145 hivi iliyopita, na mbele yake iko miamba ya msingi, ya kale mno, ile inayovunjwa kokoto huko Lugoba. Juu ya nchi, basi, mtu aweza kutoka zama moja kwenda nyingine kwa miguu yake. Chini ya nchi hawezi. Huko anacho kisima tu, tundu jembamba, na kisima kingine kilicho mbali kilometa nyingi. Makampuni ya BP na Shell yalipokuwa yakitafuta mafuta katika pwani hii, tangu mwaka 1952 hadi miaka ya 1960, yalichimba Mafia, Unguja na Pemba. Baina ya kisima na kisima kulikuwa na bahari. Nani angesema kwamba udongo wa mfinyanzi wa kijivu uliotoka katika kisima hiki ni ndugu wa udongo wa kijivu uliotoka katika kile? Rangi haisaidii, kwa kuwa bahari imetandaza udongo wa kijivu katika zama nyingi.

Kinachosaidia ni viumbe. Kila jamii ya viumbe ilizuka mara moja, ikaishi muda wake, ikatoweka isirudi tena. Mashapo yaliyotua chini ya bahari wakati jamii hiyo ikiishi yalifunika magamba yake, na tabaka hilo likawa na alama ya wakati wake. Viumbe wanaofaa kuliko wote kwa kazi hii ni foraminifera, viumbe wa seli moja ambao wengi wao hujijengea gamba la chokaa. Wako wanaoishi sakafuni mwa bahari na wako waeleao. Hawa wa pili huchukuliwa na mikondo kwenda mbali, hata jamii moja ikapatikana Lindi na Trinidad pia. Keekee inaposaga mwamba, tope la kuchimbia huleta juu punje na vipande vyake. Huchukuliwa kila baada ya mita kadhaa, vikaoshwa juu ya chekeche lenye matundu ya kiasi cha milimita 0.063, vikakaushwa, kisha vikatandazwa katika sahani nyeusi chini ya hadubini, na magamba yakaokotwa moja moja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Kazi hii yataka macho na subira, na haifanani hata kidogo na picha aliyo nayo msomaji asikiapo neno "kisukuku".

Hapo ndipo lilipo tatizo la kwanza. Neno kisukuku limekwisha kubalika kwa maana ya kiumbe wa kale, au alama yake, iliyohifadhiwa katika mwamba, nalo humkumbusha Mtanzania mifupa mikubwa ya Tendaguru au mafuvu ya Olduvai. Kwa mabaki haya madogo tumekuta namna tatu za kusema: "visukuku vidogo", "visukuku vya hadubini" na "maikrofosili". Ya kwanza haitofautishi. Konokono wa kale aliye sawa na ukucha naye ni kisukuku kidogo. Ya pili ina udhaifu usioonekana upesi: baadhi ya foraminifera wa zamani, kama numuliti, walikuwa wakubwa hata huonekana kwa macho matupu, wamekaa kama sarafu, na kwa sababu hiyo walipewa jina litokanalo na neno la Kilatini la sarafu ndogo. Mwanajiolojia huwaweka katika fungu moja na wenzao wadogo, na hadubini haimo katika sifa yao ya lazima. Ya tatu inasomeka, lakini inamwacha nje yule yule tunayemwandikia.

Tunapendekeza kijisukuku, wingi vijisukuku. Lugha yetu hudogosha kwa kiambishi hiki kila siku: kijito, kijiti, kijiji. Hata katika sayansi njia hii imekwisha fyekwa, maana wananchi waliyapokea maneno vijidudu na vijimelea bila mwalimu kuwafafanulia. Yuko atakayesema kwamba kiambishi hiki kina dharau ndani yake. Ni kweli pale tunaposema kijitu. Lakini hakuna aionaye dharau katika kijito.

Foraminifera wenyewe tumewaacha na jina lao. Liliwahi kutufikia pendekezo la kuwaita "vibebatundu", kwa kufuata vipande vya Kilatini vya jina hilo, kimoja chenye maana ya tundu na kingine cha kubeba. Aliyependekeza alikuwa na bidii, ila Kilatini hicho hakimwelezi kiumbe. Ni jina tu, kama vile jina Juma lisivyomlazimu mtu kuzaliwa Ijumaa. Palipo na haja ya kuangaliwa ni katika upatanisho wa kisarufi. Foraminifera aliye hai ni kiumbe, naye huchukua upatanisho wa viumbe: foraminifera huyu anaelea, foraminifera hawa wanaelea. Gamba lake lililookotwa katika chekeche ni kitu: kijisukuku hiki kimevunjika. Mwandishi anayechanganya, akasema "foraminifera hizi zimevunjika", hajavunja sarufi tu. Amempotezea msomaji tofauti ya mnyama na mabaki yake, ambayo ndiyo msingi wa somo lote.

Pana neno jingine linaloambatana na hili, nalo limeenea mno katika habari za mabadiliko ya tabia nchi: "mafuta ya kisukuku" na "nishati ya kisukuku". Katika taarifa ya habari halina madhara makubwa. Katika taarifa ya kisima lina madhara. Msomaji ameambiwa kwamba mafuta ni ya kisukuku. Ukurasa wa pili anaambiwa kwamba wataalamu waliokota vijisukuku katika kila mita kadhaa za kisima. Atakosaje kudhani kwamba wanaokota kile kitakachokamuliwa mafuta, na kwamba kisima chenye magamba mengi ndicho chenye mali? Sivyo. Mafuta na gesi hutokana na mabaki laini ya mimea na ya viumbe vya majini yaliyofukiwa na tope pasipo hewa, yakapikwa na joto la ardhini kwa muda mrefu mno. Gamba la foraminifera ni chokaa, wala halina mafuta. Kazi yake ni kutoa ushahidi wa umri. Tabaka lililojaa magamba laweza kuwa kavu kabisa, na tabaka lenye gesi laweza kuwa mchanga mtupu usio na gamba hata moja. Kwa hiyo, katika maandishi ya namna hii, afadhali mfasiri aandike waziwazi mafuta, gesi na makaa ya mawe, maneno ambayo hakuna asiyeyajua.

Tufike sasa kwenye kasoro tuliyosema inageuza taarifa kichwa chini. Iko katika maneno mepesi kuliko yote, kwanza na mwisho.

Hantkenina ni foraminifera mweleaji wa zama za Eosini, na kila chumba cha gamba lake kina mwiba, hata mwanafunzi asiye mzoefu humtambua. Jamaa yake nzima ilitoweka miaka milioni 34 hivi iliyopita, na wataalamu wa dunia wamekubaliana kwamba kutoweka huko ndiyo alama ya mpaka baina ya Eosini na Oligosini. Mahali pa kurejelea ni Massignano, nchini Italia. Mpaka huo huo umepatikana kwetu, katika udongo wa mfinyanzi wa Mkoa wa Lindi.

Tuseme kisima kinachimbwa. Keekee inateremka kutoka juu, kutoka mwamba mchanga kwenda mkongwe. Inapita mashapo ya Miosini, inapita ya Oligosini, na muda wote huo chini ya hadubini hapana Hantkenina. Halafu, katika punje za kina fulani, tuseme mita 640, mwiba unaonekana. Mchimbaji husema: ameonekana kwa mara ya kwanza. Naye asema kweli, kwa kuwa kwa kisima hicho na kwa wiki hiyo ni mara ya kwanza. Lakini kwa bahari ya kale ilikuwa mara ya mwisho. Chini zaidi, keekee itakapomaliza kupita tabaka zake zote, atakayeonekana mwisho ndiye aliyeishi mwanzo.

Wanajiolojia wanazo namna mbili za kusema, nao hawazichanganyi. Wakisimulia historia ya bahari husema jamii hii ilianza lini na ikaisha lini. Wakisimulia kisima husema juu yake iko wapi na chini yake iko wapi. Mfasiri asiyejua hivyo huchukua "mwonekano wa kwanza" akaubandika pote pawili. Matokeo yake ni sentensi kama hii: mwonekano wa kwanza wa Hantkenina uko mita 640. Ofisa mmoja akiisoma atafahamu kwamba hapo ndipo jamii hiyo ilipozuka, maana yake keekee imekwisha pita Eosini ya juu na sehemu kubwa ya Eosini ya kati. Ofisa wa pili atafahamu kwamba hapo ndipo ilipotoweka, maana yake keekee ndiyo kwanza inaingia Eosini. Baina ya ufahamu huu na ule kuna kiasi cha miaka milioni 15, na katika pwani yetu muda huo waweza kuwa mamia ya mita za udongo ambazo ama zimekwisha chimbwa ama bado hazijachimbwa. Maofisa hao wawili wakikaa meza moja kuamua kama kazi iendelee, kila mmoja atamwona mwenziwe hajui kusoma.

Tatizo lina tanzu nyingine. Kuta za kisima huporomoka. Vipande vya juu huanguka, vikachanganyika na vile vilivyotoka chini, vikapandishwa pamoja. Kwa sababu hiyo gamba laweza kuonekana chini ya mahali linapostahili, lakini si rahisi kuonekana juu ya mahali hapo, isipokuwa limemomonyoka kutoka mwamba wa zamani likafukiwa mara ya pili. Ndiyo maana mchunguzi anayetegemea vipande vilivyoletwa na tope huziamini sana alama za kutoweka, na huzishuku alama za kuzuka. Tumekutana na rasimu ambayo mfasiri wake, pengine kwa kuona taarifa inataja miisho tu pasipo mianzo, aliongeza mianzo kwa akili yake ili sentensi zikae sawia. Alitaka kumsaidia msomaji, kumbe amempa kisima ambacho hakikuwahi kuchimbwa.

Ni istilahi gani zifaazo, basi? Mapendekezo ya awali yalikuwa mzuko na mtoweko. Mtoweko halina neno. Mzuko lilipingwa papo hapo na waliosema kwamba msomaji wa pwani atasoma mzuka, na kwamba hakuna taarifa ya serikali iwezayo kustahimili mizuka katika kila ukurasa. Wengine wakaleta chimbuko. Nalo ni neno zuri, ila katika maandishi yaliyojaa kuchimba na wachimbaji litapoteza njia. Rai yetu ni kwamba si kila dhana inadai nomino mpya. Kiswahili kina vitenzi vinavyojitosheleza: kuzuka kwa Hantkenina, kutoweka kwa Hantkenina. Maneno hayo yanahusu wakati na hayawezi kusomwa vinginevyo. Kwa upande wa kisima tunapendekeza kikomo cha juu na kikomo cha chini, ambayo yanahusu mahali na hayasemi lolote juu ya wakati. Sentensi yetu sasa itakuwa: kutoweka kwa Hantkenina kunatambulikana katika kisima hiki kwa kikomo chake cha juu, mita 640. Ni ndefu kidogo kuliko ile ya awali, lakini maofisa wetu wawili hawatagombana juu yake.

Maneno kwanza na mwisho yenyewe hatuyapigi marufuku. Yatumike kwa sharti la kutaja kwanza kwa lipi, kwa wakati au kwa kuchimba.

Tuliposema vipande vilivyoletwa na tope tulikwepa istilahi kwa makusudi. Tafsiri nyingi huviita "vikatwa", neno lisilo na mwenyewe. Lakini kila mama anayepepeta mchele anazijua chenga, yaani punje zilizovunjika, na hicho ndicho kitu chenyewe: mwamba uliovunjwa kuwa punje. Chenga za mwamba ni istilahi iliyokuwa jikoni ikingoja kuitwa. Kwa upande wa pili, mashine nyingine haisagi mwamba bali huukata kwa duara, ikautoa mzima kama rungu refu la udongo. Hili wengine wameliita "kiini", jambo ambalo halifai, kwa kuwa kiini ni cha yai, cha seli na cha atomi, nacho ni kitu cha ndani kabisa. Rungu hili halina cha nje chake kilichobaki. Sisi tunasema mche wa mwamba, kama tusemavyo mche wa sabuni. Tofauti ya chenga na mche si ya mapambo. Katika mche hakuna kuporomoka wala kuchanganyika, na kwa hiyo kuzuka na kutoweka huaminika sawa sawa. Taarifa isiyosema kama ushahidi wake ni chenga au mche haijasema uaminiwe kwa kiasi gani.

Neno la kazi yenyewe, ile ya kulinganisha kisima na kisima, huandikwa mara nyingi uwiano. Katika hesabu za shule uwiano ni ule wa 2 kwa 3, na mwalimu yeyote atakayesoma "uwiano wa matabaka ya Ruvu na ya Unguja" atatafuta unene wa hili na unene wa lile. Wengine wamejaribu usawazishaji, ambao ni mbaya zaidi. Fundi husawazisha kwa pima maji, hata kitu kikawa katika usawa mmoja. Lakini jambo la maana kuliko yote katika kazi hii ni kwamba tabaka za umri mmoja hazimo katika usawa mmoja. Bukini, yaani Madagaska, ilipojitenga na upande wetu katika zama za Jurasiki, ardhi ya pwani ilipasuka, na tangu hapo vipande vyake vimeshuka kwa vipimo mbalimbali. Tabaka lililo karibu na uso wa nchi mahali pamoja laweza kuwa kina cha kilometa nzima mahali pengine. Aliyesawazisha amekwisha kosa kabla ya kuanza. Tunapendelea kuoanisha na uoanishaji: kulitafutia tabaka hili mwenziwe, popote alipo, juu au chini. Neno ulinganishi nalo ladumu kwa maana pana zaidi, kwani unaweza kulinganisha tabaka mbili ukaona hazioani.

Kuhusu tabaka halina ubishi, ingawa msomaji aliyelelewa na maandishi ya siasa yaliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967 huenda akasoma "mgongano wa matabaka ya Bagamoyo" akatafuta mabepari. Kwa mwamba wenyewe shule zimezoea miamba mashapo, na ni istilahi njema sana. Aliyepata kumimina kahawa ya buni kikombeni, akaona kinachobaki chini, ameisha pata nusu ya somo.

Neno gumu kuliko yote ni lile la fungu la tabaka lenye jina rasmi. Mwaka 2006 wataalamu waliochunguza pwani ya kusini, pamoja na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walichapisha mpangilio mpya wa miamba ya Kilwa. Mpangilio huo ulitokana na visima vifupi vilivyochimbwa kwa ajili ya sayansi, ambavyo udongo wake umehifadhi magamba yaliyo angavu kama kioo. Mwaka 2001 magamba ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha tumiwa kukadiria joto la bahari za kale. Waliyagawa mashapo hayo katika sehemu nne, nazo, kutoka ya zamani hadi ya karibuni, zikapewa majina ya Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Ni majina ya kwetu yote manne. Msomaji akumbuke kwamba mwaka 1962 kilitoka Cambridge kitabu cha Eames na wenzake watatu, ambacho sehemu yake ya pili, ya Blow na Banner, ilieleza foraminifera waliokusanywa Lindi. Elimu ambayo watafuta mafuta wa nchi nyingi waliitumia kuhesabia umri ilijengwa kwa kiasi kikubwa na udongo wetu, wakati ambapo Tanganyika ilikuwa na uhuru wa miezi michache tu. Udongo ulisafiri kwenda Uingereza. Maneno ya kuuelezea hayakurudi nao.

Sasa Nangurukuru tuiite nini kwa jumla yake? "Muundo wa Nangurukuru", kama tulivyokuta mara kadhaa, haufai, kwa maana katika utafutaji wa mafuta muundo ni jambo jingine: ni mkunjo au mpasuko uwezao kunasa gesi. Akisoma kwamba wamechimba Muundo wa Nangurukuru, mtaalamu atadhani wamechimba mtego. "Mfumo" nao umekwisha chukuliwa na zama kubwa, kama Jurasiki. Sisi tumependekeza fungu: Fungu la Nangurukuru, ndani ya Kundi la Kilwa. Pingamizi lililotolewa ni la haki. Kwa mvuvi wa Kunduchi na Bagamoyo fungu ni mchanga unaojitokeza maji yakipwa, na liko Fungu Yasini mbele ya macho yake, jirani na Mbudya. Je, akisikia Fungu la Kivinje hatadhani ni mahali pa kukwamia ngalawa? Huenda. Lakini fungu la mvuvi nalo ni mashapo yaliyokusanyika mahali pamoja, na ukilipa miaka milioni kadhaa litakuwa tabaka. Hatukuona katika maneno yote yaliyoletwa lililo karibu zaidi na jambo lenyewe. Hata hivyo suala hili bado liko wazi.

Tuguse kwa ufupi jambo moja lililo nje kidogo ya vijisukuku. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 ilizaa Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli. Jina limekwisha sajiliwa, nasi hatuna nia ya kulibomoa. Lakini wafasiri wasilitumie kama kiolezo cha kuundia maneno mengine. Watu wanaokaa kandokando ya Wami na Ruvu wana mkondo wa juu wa kweli, unaotoka milimani na kuleta mafuriko; ukiwaambia kwamba shughuli za mkondo wa juu zitaanza mwakani, watauliza kuhusu maji. Katika maelezo kwa wananchi yatosha kusema utafutaji na uchimbaji. Na neno petroli lenyewe, ambalo kwa dereva ni kile kinachouzwa kituoni, lahitaji kuandamana na maelezo mara linapotajwa kwanza.

Imebaki miamba ambayo foraminifera hawamo. Mashapo ya Karuu, yaliyo chini ya yale ya Jurasiki na yanayoonekana upande wa Ngerengere, kwa sehemu kubwa yalitua katika mito na maziwa, si baharini. Huko umri husomwa kwa chavua na spora za mimea ya kale, zinazotolewa katika mwamba kwa kuyeyushwa na asidi kali, si kwa chekeche na maji. Chavua ni neno la Kiswahili lililokwisha zoeleka shuleni, na spora limeingia pamoja na biolojia. Je, chavua ya miaka milioni 250 nayo iitwe kijisukuku? Kwa maelezo tuliyoyatoa juu jibu ni ndiyo, kwa kuwa ni mabaki ya kiumbe wa kale, nayo ni ndogo. Walimu wawili wa biolojia tuliowauliza walisita, kwa hoja kwamba chavua si kiumbe bali ni sehemu ya kiumbe. Tunaona kwamba jani la kale nalo ni sehemu tu ya mti, na hakuna aliyewahi kulinyima jina la kisukuku; ila tungependa kusikia wengine wasemavyo. Vile vile tunawaomba wasomaji walio karibu na mitambo ya kuchimba watuandikie kile wafanyakazi wenyewe wanachokiita chenga, mche na tope la kuchimbia wanapozungumza kwa Kiswahili zamu za usiku.